Kilti na Soksi Nyeupe za Mganda

Siku ya mnada, belo la mitumba linapofunguliwa na mchuuzi akalimwaga juu ya turubai, huonekana mara moja moja, katikati ya sketi za kike na mapazia yaliyofifia, kitu kizito cha sufu chenye mirabamiraba ya kijani na buluu au ya nyekundu na nyeusi, bapa kama mlango upande wa mbele, na upande wa nyuma kina marinda yaliyobanana kama kurasa za msahafu. Naye mchuuzi, asijue akiite kwa jina gani, hukitupa katika fungu la sketi za wanafunzi, na mnunuzi hukichukua kwa bei ya kutupa ili akakifumue, apate koti la mtoto. Kitu hicho ni kilti, vazi la wanaume wa Uskoti, na mtu akilifumua huwa ameivunja kazi ya siku nyingi ya fundi aliyejua kazi yake.

Nalinena neno hili kwa majuto, kwa sababu mimi mwenyewe nimelitenda. Katika mwaka wangu wa pili wa kukaa nyuma ya cherehani, mzee mmoja aliniletea kilti akitaka suruali mbili za wajukuu, nami nilichukua wembe nikakata uzi mmoja baada ya mwingine, na kitambaa kikawa kinafunguka mbele yangu, mita baada ya mita, hata kikavuka kizingiti cha duka kikafika barazani. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba nilikuwa nikibomoa kitu ambacho sikuwa na elimu ya kukijenga tena. Suruali zilishonwa, wajukuu walizivaa, ila mshangao ule haujanitoka hata leo. Kwa hiyo vijana wa hapa kwetu Maguu walipoanza kunijia, mmoja ameshika kilti aliyoipata Mbinga mjini, mwingine ameshika picha tu katika simu, wakiniuliza ivaliwe namna gani pamoja na mavazi ya zama za babu zao wanayoyapenda hivi sasa, niliona ni wajibu wangu kuwaandikia yale niliyojifunza, pamoja na mafundi wenzangu ambao bado wana wembe mkononi.

Neno langu kubwa ni hili: kilti haivaliki vizuri hapa kwetu kwa kuiga picha ya mtu wa mbali, bali kwa kuitafutia ndugu yake katika sanduku la wazee. Na ndugu huyo yupo. Ni libasi ya mganda.

Mganda ulizaliwa katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyasa baada ya vita vya 1914 hadi 1918, pale askari wa King's African Rifles waliporudi makwao wakiwa wamezoea gwaride, amri na tarumbeta, nao watu wakayageuza yote hayo kuwa ngoma yao wenyewe: mistari iliyonyoka, hatua zinazokwenda kwa pamoja, ngoma kubwa inayotoa sauti ya kifuani, na mabuyu ya kuimbia ambayo tundu lake hufunikwa utando wa buibui ili sauti ya binadamu itoke kama ya chombo cha shaba. Ng'ambo ya pili, Malawi, huiita malipenga. Huku kwetu, kwa Wamatengo wa milimani na kwa Wanyasa wa pwani ya ziwa, ni mganda kwa wanaume, na wanawake wana kioda yao. Vikundi vilikuwa na vyeo kama jeshi, na vilikuwa na sare: shati jeupe, kaptula nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, soksi ndefu zilizokunjwa chini ya goti, viatu vilivyong'arishwa, na aliyejaliwa akavaa tai. Mtu ayatazame mavazi hayo kwa utulivu, kisha amtazame Mskoti aliyevaa rasmi, atakuta kwamba kuanzia goti kwenda chini watu hawa wawili ni kitu kimoja: goti wazi, soksi ya sufu iliyokunjwa, kiatu cheusi. Tofauti iko kati ya kiuno na goti tu, na hapo ndipo kilti inapokaa.

Wala si ajabu kwamba mavazi haya yanafanana, maana yote mawili yalipita katika mikono ya jeshi. Zaidi ya hayo, Waskoti si wageni wa ziwa hili. David Livingstone, aliyefika hapa mwaka 1859, alikuwa Mskoti, na misheni iliyopewa jina lake, Livingstonia, ilianzishwa na Waskoti upande wa kusini wa ziwa mwaka 1875. Na huko pwani ya bahari, zama za ngoma ya beni, ambayo ni jamaa ya mganda, Mombasa ilikuwa na chama kilichojiita Skochi, kwa jina la Waskoti hao hao, kikishindana na chama cha Kingi kwa bendi, kwa karamu na kwa mavazi. Kijana wa Maguu akivaa kilti leo, anafuata njia waliyokwisha kuipita watu wa kwao.

Lipo swali ambalo kila aliyenijia ameliuliza kwa sauti ya chini, nami nitalijibu kwa sauti ya kawaida: je, mwanamume kuvaa kitu kinachofanana na sketi si kujivunjia heshima? Jibu limo machoni petu. Mzee wa pwani hujifunga kikoi au msuri akaenda msikitini. Mmasai hujifunga lubega akapita njia nzima kwa fahari. Na watawa wa Kibenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walivaa majoho marefu mpaka miguuni, wala hakutokea mtu aliyewaita wanawake. Suruali ndiyo iliyokuja juzi. Hata hivyo sitawaambia vijana waudharau uzito wa macho ya watu, kwa kuwa heshima ya mavazi ni mapatano kati ya mvaaji na jirani zake. Wenye umri wanakumbuka azimio la Umoja wa Vijana wa TANU la Oktoba 1968, lililoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969, ambalo lilipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Waskoti nao walipata yao, tena makali zaidi: sheria ya mwaka 1746 iliwakataza wanaume wa milima ya kaskazini kuvaa kilti, na haikufutwa mpaka mwaka 1782. Basi vaa kilti kwanza katika mganda, kisha katika harusi ya rafiki, kisha sokoni. Na msibani usiivae kabisa mpaka watu wameizoea, kwa sababu siku ile macho ya watu ni haki ya marehemu.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Ukiwa mbele ya turubai la mchuuzi, usidanganywe na mirabamiraba, maana sketi nyingi za wasichana wa shule za Ulaya zina rangi hizo hizo. Ipime kwa mkono. Kilti halali ya sufu hula kitambaa cha yadi nane, yaani zaidi ya mita saba, na uzito wake hukaribia kilo mbili. Sketi ya msichana huinuliwa kwa kidole kimoja. Tazama marinda: katika kilti yameshonwa na kufungwa kutoka kiunoni mpaka kwenye nyonga, kisha yakaachiliwa huru. Tafuta zipu, ukiiona, rudisha. Kilti hufungwa kwa mikanda midogo ya ngozi yenye bizimu, miwili au mitatu, na kipande cha juu cha mbele huishia upande wa kulia wa mvaaji. Ndani ya kiuno huwa na bitana ngumu. Mwisho, geuza ncha ya chini, nawe utaona ajabu ambayo mafundi wengi hawaijui: kilti iliyoshonwa kwa kanuni haina upindo. Ncha yake ni ukingo wenyewe wa kitambaa kama ulivyotoka kwenye mtambo wa kufumia. Kwa sababu hiyo, atakayetaka kuifupisha asithubutu kuikata chini. Ataikata juu, kiunoni, au ataiacha.

Urefu wake si jambo la hiari. Kilti hufungwa juu, kwenye kitovu, wala si kwenye nyonga kama vijana wavaavyo suruali siku hizi, na huishia katikati ya goti. Namna ya kupima ni nyepesi: mvaaji apige magoti sakafuni akiwa amenyoosha mgongo, na ncha ya kilti ikae juu ya sakafu kwa upana wa vidole viwili hivi. Ikigusa sakafu, atafanana na aliyeazima. Ikipanda zaidi ya hapo, yatarudi maneno ya mwaka 1968, na safari hii nitakuwa upande wa wazee.

Kwa asiyejaliwa kuipata mnadani, ishonwe hapa hapa, kwa kuwa fundi anayeshona sketi za shule za marinda amekwisha kuijua nusu ya kazi. Tuseme nyonga za mteja ni sentimita 100. Nusu ya mbele, sentimita 50, hubaki bapa, na hurudiwa mara mbili kwa kuwa kipande kimoja hulala juu ya kingine. Nusu ya nyuma hugawanywa katika marinda yanayoonekana kwa sentimita mbili na nusu kila moja, ndiyo kusema marinda 20. Na ikiwa kila rinda litameza sentimita 15, nyuma peke yake itadai mita tatu, nzima itadai mita nne na ushei. Nunua mita mbili na nusu za kitambaa chenye upana wa sentimita 150, kipasue katikati kwa urefu, upate vipande viwili ambavyo vikiunganishwa hutoa mita tano, na mshono wa maungio uufiche ndani ya rinda, usionekane milele. Katika kukunja, chagua mraba mmoja wa rangi uwe ndio unaotokeza juu ya kila rinda, ili mirabamiraba ya nyuma ifanane na ile ya mbele. Kazi hii inataka subira, na aliyekosa subira aombe marinda ya boksi, ambayo ni machache na yanasamehe. Shuka la Kimasai ni zuri kwa rangi, lakini marinda yake hayakai. Mwenye kulipenda apige mshono mwembamba kwenye ukingo wa kila rinda kutoka juu hadi chini. Na kwa ndugu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ambako joto la ziwani halimsitahi mtu, sufu ni adhabu. Washone kwa drili au kaki. Sisi wa milimani, tunaoamka Juni na Julai tukiwa tumefunikwa na ukungu na mikono imekufa ganzi kwenye mibuni, sufu ni rehema kwetu.

Nimefika kwenye lile ambalo vijana hulitaka kabla ya yote, nalo ni kuipatanisha kilti na mtindo wa zamani. Nitaanza na mganda kwa kuwa ndio ninaouamini. Vaa shati jeupe la pamba lenye kola ngumu, mikono imekunjwa mara mbili au imefungwa kwa vifungo, wala si kati ya hayo mawili. Soksi ziwe nyeupe, nene, zikunjwe upana wa vidole vitatu chini ya goti, na ndani ya mkunjo pitisha utepe wa mpira usibane damu. Ncha za utepe wa rangi moja na uzi mmojawapo wa kilti zining'inie kidogo upande wa nje. Udongo wetu ni mwekundu na hauna huruma, kwa hiyo beba jozi ya pili katika mfuko, uvae ya kwanza njiani na ya pili uwanjani. Viatu viwe vyeusi vya kamba. Tai iwe ya rangi moja, nyembamba, tena kama ni ya babu yako ni bora kuliko mpya. Mkononi shika usinga au fimbo nyepesi. Mbele, penye mfuko wa ngozi ambao Waskoti huuning'iniza kwa kuwa kilti haina mifuko, ning'iniza kipochi cha ngozi ya mbuzi kilichoshonwa na fundi viatu, mkanda wake ukizunguka nyuma chini ya kiuno; humo utatia fedha na simu. Chini ya kilti vaa kaptula. Najua yapo maneno mengi juu ya Waskoti na jambo hili, ila mwenye kucheza mganda huruka na kuchuchumaa mbele ya mama zake na dada zake, na kaptula ya rangi nyeusi ni sitara isiyoonekana wala kudhuru.

Wako wanaopenda zama za jazi, miaka ya sitini na sabini, na wao wananionyesha picha za wazee wao wamesimama mbele ya pazia la studio, shati la kubana lenye kola ndefu kama mabawa, suruali za bugaluu zinafagia chini, na miguuni raizoni za visigino virefu. Shati hilo likubalike, na kizibao juu yake pia, mradi shati liwe la rangi moja. Maua ya shati na mirabamiraba ya kilti vikikutana hugombana mchana kutwa. Bugaluu bila shaka haina nafasi, kwa kuwa mahali pake pamekwisha kuchukuliwa. Raizoni nazikataa. Kisigino kirefu humsukuma mtu mbele, kilti ikapanda nyuma na kushuka mbele, na marinda, ambayo ndiyo uzuri wake wote, yakakosa kutulia.

Kuhusu mitindo ya vijana wa Uingereza sina mengi. Mapanki wa London, katika miaka ya sabini, Vivienne Westwood akiwa fundi wao mashuhuri, walikichukua kitambaa cha Kiskoti wakakichana na kukichoma pini ili kuwakasirisha wakubwa wao. Walikuwa na sababu zao, lakini kijana wa hapa aliyenunua kilti kwa fedha ya kahawa hana haja ya kuichana. Pini moja inatosha, nayo huchomwa kwenye kona ya chini ya kipande cha juu peke yake, isipenye mpaka cha ndani, maana ikivifunga viwili pamoja, hatua ya kwanza ndefu itararua kitambaa. Wapenzi wa muziki wa ska, ule wa Jamaika uliopata uhai mpya kule Coventry mwaka 1979 kwa lebo ya 2 Tone, wanapenda miraba ya nyeusi na nyeupe. Hao nawashauri wachague kilti ya rangi moja, nyeusi, na miraba yao waiweke kwenye tai.

Wa kusikilizwa zaidi ni ndugu zetu wa Kongo. Wavaaji wa La Sape wa Brazzaville na Kinshasa, ambao marehemu Papa Wemba aliwatangaza duniani, wamekwisha kuivaa kilti katika mitaa yao ya vumbi, wakaonekana waungwana. Na kanuni yao ni kwamba mwili mmoja usibebe rangi zaidi ya tatu. Kilti ya mirabamiraba huja na rangi zake mbili au tatu tayari. Basi kila kitu kingine ulichovaa kichague moja katika hizo, au kiwe cheupe. Kanuni hii imeniokoa mara nyingi mteja anapotaka kuongeza skafu ya njano.

Libasi ikikamilika, bado kuna kwenda nayo. Unapoketi, pitisha mkono nyuma ya mapaja ulaze marinda yote upande mmoja kabla ya kushuka kwenye kiti, kisha weka magoti pamoja. Katika bodaboda, njia yetu ikiwa ni ya kupanda na kuteremka, usikae kwa ubavu. Kaa kama kawaida, kusanya kipande cha mbele katikati ya mapaja, na juu yake jifunge kanga au kikoi mpaka mwisho wa safari, kwa kuwa upepo wa mteremkoni haujui adabu. Katika kutembea, usivute hatua ndefu za mtu mwenye haraka. Mganda una mguu wake, goti linanyanyuka kidogo na kisigino kinatua kwa uamuzi; tembea hivyo, nawe utahisi kwa nyuma marinda yakifunguka na kujifunga, kushoto, kulia, kwa kipimo kile kile cha ngoma kubwa. Kijana wa kwanza niliyemvika, alipovuka kiwanja mara moja tu kwa mguu huo, bibi yake alitoka jikoni, akasimama mlangoni kimya, kisha akalitaja jina la mumewe aliyekwisha kufariki.

Kufua ni mara chache sana. Doa likiingia, lisuguliwe peke yake kwa maji baridi na sabuni laini. Ikilazimu kufua yote, kwanza piga bandi, yaani shona marinda yote kwa uzi mrefu wa muda katika mistari mitatu, juu, katikati na chini. Lowesha bila kukamua, anika kivulini ikiwa imelazwa, kisha piga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, nayo pasi ya mkaa ipulizwe majivu nje ya nyumba kabla hujaisogeza karibu. Uzi wa bandi usiutoe mpaka kilti imepoa kabisa. Ya kuhifadhiwa mpaka msimu ujao iviringwe kwa urefu, marinda yakiwa yamelala, iingizwe katika mguu wa soksi kuukuu au foronya, pamoja na majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya nondo, na iwekwe juu ya vitu vyote sandukuni, isilaliwe na kitu.

Na wewe fundi, ukiletewa kilti pamoja na ombi la suruali za wajukuu, mwombe mzee akuachie siku moja. Iangike ukutani mahali pa mwanga, ihesabu marinda yake, pima upana wa kila moja, andika katika daftari, na umwambie kwamba utamtafutia kitambaa kingine.